Kelele ndani ya gari la familia: tuanzie kwenye tairi kabla ya kufungua zulia

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Mbagala kuelekea kusini kwa barabara ya Kilwa huizoea kelele ya gari kabla hajafika Mkuranga, na akiisha kuizoea hudhani imekoma. Haikukoma, imehamia mwilini. Bibi aliyeketi kiti cha nyuma ameacha kuchangia mazungumzo kwa sababu hasikii yanayosemwa mbele. Mtoto mchanga ameamka kwa mara ya tatu. Baba anayeendesha amepandisha redio ili aishinde sauti ya tairi, na sasa watu wanapaza sauti ili waishinde redio. Wakifika Kibiti, zaidi ya kilomita 130 kutoka Dar es Salaam, kila mmoja anashuka na kichwa kizito, na lawama zote hutupiwa jua.

Jua lina fungu lake. Lakini fungu jingine la uchovu ule ni la kelele na mtetemo, na fungu hilo ndilo linaloweza kupunguzwa kwa mikono ya fundi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT cha Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi uliowaweka watu 15 waliojitolea kwenye kiti cha kuigizia udereva kinachotikisika. Mtetemo wa chini, wa mara 4 hadi 7 kwa sekunde, ulianza kuwatia usingizi ndani ya dakika 15. Dereva anayesafirisha ndugu usiku wa kuamkia Idd, akiwa ameshinda kazini mchana kutwa, hana haja ya msaada wa aina hiyo.

Kwa hiyo mazungumzo ya kuzuia sauti ndani ya gari hayafai kuachiwa vijana wapenda muziki mkubwa peke yao, ingawa wao ndio walioyaleta mjini. Dar es Salaam wapo mafundi wanaofungua zulia la gari na kubandika karatasi nzito zinazong'aa kama fedha, na mteja hutoka akiwa amelipa kiasi kikubwa. Wengine hupata walichokitarajia. Wengine hurudi Ikwiriri na gari linalonguruma vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye tairi na dawa imebandikwa sakafuni.

Barabara yenyewe

Tuutendee haki ukanda huu: njia kuu imebadilika sana. Kabla ya mwaka 2003 mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na mto ulipofura, magari yalisubiri. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilimaliza habari hiyo, na lami ikaja kuunganisha Dar es Salaam na Lindi na Mtwara. Lakini anayeiacha njia kuu, akachepuka Ikwiriri kwenda Mloka au akateremka kuelekea vijiji vya ukingoni mwa delta, anakutana kwa sehemu kubwa na changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Gari moja la familia hulazimika kuishi katika dunia mbili. Kwenye lami linalia kwa sauti nyembamba ya tairi na upepo. Kwenye changarawe linatikisika hadi vioo vinagongana na fremu zake.

Mtikisiko huo wa changarawe una chanzo chake. Barabara ya udongo iliyopitishwa greda huwa laini kwa muda mfupi, kisha hujikunja mawimbi mawimbi kama mchanga wa pwani maji yakipwa. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walilionyesha jambo hili maabarani kwa kuzungusha gurudumu juu ya meza ya mchanga. Mawimbi yalitokea hata gurudumu lilipokuwa halina springi wala injini, mradi mwendo umepita kiwango fulani. Wenye kulaumu malori peke yao wana hoja nusu tu, kwani kila gurudumu linalokwenda kasi linayachonga.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 70. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde, hivyo gurudumu hupigwa takriban mara 14 kwa sekunde. Bahati mbaya ni kwamba magurudumu ya magari mengi, pamoja na ekseli zake, hurukaruka kwa urahisi zaidi katika mapigo ya kati ya 10 na 15 kwa sekunde. Ndiyo sababu kuna mwendo mmoja ambao gari hutetemeka kama litavunjika. Madereva wazoefu hukanyaga mafuta ili wapite juu ya vilele, na kweli mtikisiko hupungua, lakini wakati huo tairi linagusa ardhi kwa vipande vipande na breki hazina pa kushika. Katika njia yenye watoto wa shule, mbuzi na bajaji, ujanja huo haufai kuigwa. Kupunguza hadi kilomita 20 hushusha mapigo mpaka 8 hivi kwa sekunde, huku tairi likiwa chini.

Dufu na kiganja

Sauti huingia ndani ya gari kwa milango miwili. Wa kwanza ni hewa: mlio wa tairi, upepo na injini hupenya kwenye vioo, mipira ya milango na kila tundu lililo wazi. Wa pili ni mwili wa gari wenyewe. Tairi hupiga barabara, pigo likapanda kwenye rimu, likapita kwenye bushi na shokapu, likafika kwenye bati la sakafu, na bati likaimba.

Aliyewahi kushika dufu anajua sehemu kubwa ya elimu hii bila kufundishwa. Ngozi ikipigwa ikiwa huru, hulia muda mrefu. Ukiweka kiganja juu yake, hata bila kubana sana, mlio hufa papo hapo. Kiganja hakikuizuia sauti isitoke nje ya dufu. Kimeifanya ngozi ishindwe kuendelea kutetemeka. Ndivyo zinavyofanya zile karatasi za fedha. Ndani yake mna mpira laini wa butili, jamii ya mpira unaotengenezewa tyubu za tairi, na juu yake bamba jembamba la alumini. Bati linapojipinda, mpira hunyumbuka kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtetemo hugeuka joto dogo lisilohisika. Kiganja hakihitaji kufunika dufu zima, na karatasi nazo hazihitaji kufunika bati lote. Robo ya eneo la kila bati, ikibandikwa katikati palipo huru zaidi, huleta sehemu kubwa ya faida. Fundi anayesisitiza kufunika kila inchi anauza karatasi.

Kuzuia sauti ya hewani ni kazi nyingine. Hapo kinachotakiwa ni uzito na kuziba nyufa. Nyumba ya ukuta wa matofali hunyamazisha barabara kuliko banda la makuti kwa sababu ukuta mzito ni mgumu kutikiswa na sauti. Lakini ukuta huohuo ukiwa na dirisha wazi, uzito wote umepotea bure. Uzito wa kizuizi ukiongezwa maradufu, sauti inayopita hupungua kwa takriban desibeli 6. Ikumbukwe kwamba desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele: pungufu ya desibeli 10 sikio huihisi kama kelele imekatwa nusu, na pungufu ya desibeli 3 huonekana kidogo ingawa nguvu ya sauti imepungua kwa nusu kamili. Kazi nzuri ya gereji kwenye gari la kawaida huleta desibeli chache. Anayeahidi ukimya wa maktaba anasema asichokijua.

Nani ameketi juu ya gurudumu?

Hapa niseme jambo la ndani ya familia zetu. Katika Noah na Hiace, viti vya nyuma kabisa viko juu au karibu sana ya ekseli ya nyuma. Hapo ndipo mtikisiko wa wima ni mkubwa zaidi, na matao ya magurudumu yako chini ya miguu yakipigwa kokoto na maji. Viti vilivyo katikati ya ekseli mbili hutikisika kidogo kuliko vyote. Na nani tunamweka nyuma? Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mchanga, mjamzito, na bibi, kwa kuwa kiti cha mbele ni cha mgeni wa heshima au cha mwanamume anayejua njia.

Mwili wa mtu aliyeketi, hasa kiwiliwili, hutikisika kwa urahisi zaidi katika mapigo ya 4 hadi 8 kwa sekunde, na barabara mbovu inayo mapigo hayo kwa wingi. Miongozo ya afya kazini katika nchi nyingi huwataka wajawazito wasikae muda mrefu kwenye mitambo na vyombo vinavyotikisa mwili mzima. Mjamzito anayetolewa kijijini kupelekwa hospitali ya Mchukwi au ya Utete hana uchaguzi wa barabara, lakini anayo haki ya uchaguzi wa kiti. Kumhamishia safu ya katikati hakugharimu shilingi. Kwa mzee mwenye masikio mazito hali ni ileile: mngurumo wa tairi hufunika sauti za maneno, na yeye ndiye wa kwanza kuondolewa kwenye mazungumzo. Watu humdhania amesinzia.

Kabla ya kumwita fundi wa zulia

Fedha ya kwanza iende kwenye tairi. Zaidi ya mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, katika magari mengi madogo, sauti ya tairi hushinda ya injini. Tairi kuukuu hukauka na kuwa gumu, na mpira mgumu hulia zaidi na kushika barabara kwa shida. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka kabla halijafika Gerezani. Tairi zenye kashata kubwa za matope zinafaa kweli katika udongo wa delta wakati wa masika, lakini mwenye gari linalokwenda zaidi Mbagala kuliko vijijini analipa kwa masikio yake mwaka mzima.

Upepo wa tairi nao husahaulika. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wengi hujaza kupita kiasi wakidhani wanahifadhi mafuta, kumbe wamegeuza tairi kuwa jiwe, na kila kokoto inafika kwenye uti wa mgongo wa abiria.

Kisha mpitishe kiganja chako juu ya kashata, mbele na nyuma. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, tairi limeliwa vibaya, na sababu yake ni alaimenti au shokapu iliyokufa. Mlio wake hufanana sana na wa beringi iliyochakaa. Tofauti hujulikana hivi: katika barabara iliyo wazi na salama, geuza usukani taratibu kushoto kisha kulia. Mngurumo unaopanda gari likiegemea upande mmoja na kushuka likiegemea upande wa pili ni wa beringi. Hilo ni la fundi leo hii, siyo wiki ijayo, na asilizibe mtu kwa zulia.

Bushi zilizopasuka na maunti za injini zilizolegea hupitisha kila pigo moja kwa moja kwenye bodi. Ukitaka kujua kama mtetemo ni wa injini au wa barabara, simamisha gari, piga injini hadi ifikie mzunguko uleule wa mwendo wa safari, usikilize. Kelele ikiwapo gari likiwa limesimama, tairi halina kosa.

Mwisho kabisa ni mipira ya milango. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo panapita upepo, vumbi na kelele pamoja. Zunguka mlango wote, maana mpira huchoka zaidi kona ya juu. Badiliko la mpira mmoja uliokufa linaweza kusikika kuliko kilo kumi za karatasi, na vumbi jekundu litapungua kwenye nguo za watoto.

Kinachobandikwa, na kisichobandikwa

Sasa gari limekaa sawa na bado linasumbua. Hapo kazi ya zulia ina maana. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: linalolia kama debe linahitaji mpira, linalojibu kwa sauti fupi limekwisha kutibiwa kiwandani. Magari yanayotoka Japani huwa na vibandiko vya lami sakafuni chini ya zulia, ila baada ya miaka mingi vingine hupasuka na kuachia. Kwenye gari la familia nitaanzia matao ya magurudumu ya nyuma na sakafu ya safu ya mwisho, kwa sababu niliyoieleza, kisha milango, kisha sakafu ya mbele. Paa huja baadaye, ingawa aliyenyeshewa mvua ya Aprili ndani ya gari la bati jembamba atanibishia.

Juu ya mpira wa butili hufuata sponji isiyonyonya maji, ile yenye vipovu vilivyofungwa kama ya kandambili, na juu yake, kwa mwenye uwezo, tabaka zito la vinaili lenye uzito wa kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. Sponji hulitenga tabaka zito lisiguse bati, na mipaka ya vipande vya tabaka hilo lazima ikutane bila mwanya. Karatasi za butili za milimita 2 zina uzito wa kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Anayebandika mita kumi na kuongeza tabaka zito la mita nne amebeba zaidi ya kilo 50, yaani abiria mmoja asiyelipa nauli wala kushuka. Kwa Noah inayopakia watu kila siku, hesabu hiyo ifanywe mapema.

Bati lazima lisafishwe kwa spiriti na likaushwe, kisha karatasi ikandamizwe kwa rola ndogo mpaka hewa yote itoke. Karatasi iliyobandikwa juu ya vumbi la Kibiti huachia kabla ya masika mawili.

Bei huwavuta watu kwenye mbadala. Mbadala wa kwanza ni zile tepe za lami za kuzibia mapaa. Zinafanana na karatasi halisi machoni, lakini gari lililoachwa juani hupata joto kali sana kwenye mabati, lami hulainika, hunuka, na hudondoka ndani ya milango. Harufu hiyo wanaivuta watoto madirisha yakiwa yamefungwa. Wa pili ni vipande vya tyubu kuukuu vilivyogandishwa kwa gundi. Vinaongeza uzito kidogo, lakini mpira wa tyubu umekwisha kukomaa na hauna bamba la juu la kuubana, hivyo huua mtetemo kidogo sana. Wa tatu, na wa hatari zaidi, ni sponji ya godoro. Hunyonya maji kama kitambaa, na ikishika moto huwaka upesi kwa moshi wa sumu. Haifai kabisa kukaa karibu na nyaya za gari. Trei za mayai zinazobandikwa kwenye kuta za studio za mitaani tuziachie mayai.

Kuna kitu kimoja cha nyumbani kinachostahili kuheshimiwa: makumbi ya mnazi. Nyuzi zake zilizopulizwa utomvu wa mpira zilitumika kwa miaka mingi kujazia viti vya magari ya Ulaya, na hufyonza vizuri sauti za kati na za juu. Sufi tunayolalia ina tabia hiyohiyo. Vyote viwili, hata hivyo, huogopa maji na moto, kwa hiyo mahali pake ni ndani ya viti na nyuma ya paneli za buti. Sakafuni haviwezi kukaa.

Maji

Na katika Rufiji, neno la maji haliwezi kuwa la kupita. Aprili 2024 mafuriko yaliingia katika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika sehemu kadhaa. Magari mengi ya ukanda huu yamewahi kusimama ndani ya maji, na mengine hushinda karibu na chumvi pale Nyamisati, yakiwasubiri wasafiri wa kivuko cha Mafia.

Zulia la gari lina tabaka la manyoya chini yake. Likilowa, juu hukauka kwa siku mbili na chini hubaki na maji kwa wiki nyingi. Bati lililofunikwa katika hali hiyo huliwa na kutu bila mtu kuona, na ukungu hupanda kwenye pumzi za wenye pumu. Kubandika karatasi juu ya bati lenye unyevu ni kuifungia kutu nyumba yake. Inueni zulia lote, lianikwe nje hadi tabaka la chini likauke, bati lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kutu ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na siku kadhaa zipite kabla ya kubandika chochote.

Milango ina matundu madogo chini. Maji ya mvua huingia kila siku kwenye mwanya wa kioo na kutokea hapo. Fundi asiyeyajua huyaziba kwa bidii, na baada ya masika mteja husikia maji yakicheza ndani ya mlango kama mtungi. Plagi za mpira za sakafuni nazo zisifunikwe zisionekane. Povu la kupuliza lisiingizwe kwenye mifereji ya bodi, kwa kuwa hushika maji mahali ambapo mkono haufiki. Aidha karatasi zisipite juu ya mifuko ya hewa ya usalama iliyo kwenye kingo za paa, wala kuzuia nyaya zisifikiwe.

Dirisha

Yote haya yanadhani kwamba madirisha yamefungwa. Gari lisilo na kiyoyozi kinachofanya kazi halitafungwa madirisha mwezi wa Februari, na dirisha wazi katika mwendo wa kilomita 80 hufuta kazi yote ya butili kwa wakati mmoja. Mwenye gari la namna hiyo, mwenye fedha ya kitu kimoja tu, atengeneze kiyoyozi kwanza. Atakuwa amenunua ukimya na ubaridi kwa bei moja. Na pale dirisha moja la nyuma linapofunguliwa, yale mapigo mazito yanayobana masikio huondoka kwa kufungua kidogo dirisha la pili, upande mwingine.

Simu inaweza kusaidia kupima. Programu za desibeli hazilingani na vyombo vya maabara, ila simu ileile, ikishikwa na abiria mahali palepale, katika kipande kilekile cha lami na mwendo uleule, madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa ulinganisho wa haki kabla na baada ya kazi. Fundi anayejiamini hatakataa kupimwa.

Isisahaulike kwamba dereva anahitaji kusikia baadhi ya sauti. Honi ya lori linalotaka kupita karibu na daraja, king'ora cha gari la wagonjwa, beringi inayoanza kulia, jiwe lililobanwa kwenye breki: gari lililonyamazishwa na kisha kujazwa muziki humnyima zote. Faida ya desibeli zilizopatikana ni kushusha redio.

Ng'ambo ya gati

Kwa wakazi wa delta safari haiishii kwenye gari. Atokaye Nyamisati kwenda visiwa vya Kiongoroni au Mbwera anahamia kwenye boti ya injini ya nyuma, na hapo hakuna bati la kubandika chochote. Mtu anayeketi karibu na injini ya aina hiyo huweza kupokea desibeli 85 na zaidi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huhesabu 85 kuwa kiwango cha saa 8 kwa siku. Kwa 88 ni saa 4, na kwa 91 ni saa 2 tu. Abiria anapita mara moja, lakini nahodha na msaidizi wake wanakwenda na kurudi kila siku kwa miaka, na masikio yanayopotea kwa njia hii hayarudi.

Vizibo vya masikio vya sponji ni vidogo na ni vya bei ndogo. Huviringishwa kwa vidole vikavyo, huingizwa huku sikio likivutwa juu kwa mkono wa pili, na hushikiliwa hadi vivimbe. Mtoto akalishwe mbele, mbali na injini, naye mama mwenye kichanga vilevile. Nahodha huvivaa akiwa kwenye maji mapana na kuvitoa kabla ya kuingia mkondo mwembamba, ambako anahitaji kukisikia chombo kinachokuja nyuma ya mikoko.